Nguvu za Sabalenka hazikutosha

Anayedai kwamba mchezaji tenisi Aryna Sabalenka hushinda kwa nguvu tu aukumbuke msimu wa 2022, ambao nguvu alikuwa nazo zilezile, lakini alipoteza pointi zaidi ya 400 kwa kukosea mipira yote miwili ya kuanzia. Alirekebisha uanzishaji wake kwa msaada wa mtaalamu wa biomekanika, yaani sayansi ya mwendo wa mwili, na katika fainali ya Australian Open ya 2023, baada ya kupoteza seti ya kwanza, alitulia akamshinda Elena Rybakina 4-6, 6-3, 6-4. Mimi huvutiwa zaidi na mipira mifupi aliyoiongeza baadaye, kwa kuwa humlazimisha mpinzani aliyejipanga nyuma kusubiri kishindo aukimbilie wavu akiwa amechelewa.