Mnyampala msomeni kwa sauti

Wadogo zangu mnaoanza fasihi ya Kiswahili hapa Dodoma, mtapewa orodha ya washairi na wengi wao watakuwa wa pwani. Wasomeni wote. Ila msimalize muhula bila kumtafuta Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917, hapo hapo mnapopita na daladala mkienda Mtumba.

Mimi nilichelewa kumjua. Shule ya msingi tulighani ngonjera kila walipokuja wageni: mmoja anabisha, mwenzake anamwelewesha, mwisho wanakubaliana. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu aliyezipa ngonjera nguvu, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, ni wa kwetu. Alifariki 1969, Ngonjera za UKUTA (Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania) zikachapishwa 1970 na 1971, yeye hayupo. Nilipolijua hilo niliona uchungu kweli.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumsoma kwa macho tu. Nilijaza daftari maudhui: kazi, elimu, ujamaa. Kazi niliyoiandika ilikuwa kavu, na mwalimu aliniuliza swali moja: umeghani? Sikuwa nimeghani. Jioni ile nilijifungia chumbani nikasoma Diwani ya Mnyampala kwa sauti, na ndipo nikasikia pumzi inavyotua kwenye kina cha kati, ile silabi inayojirudia katikati ya kila mstari, mizani (yaani silabi) 8 huku na 8 kule. Hesabuni kwa mdomo. "Mtu" ni mizani 2, na "mbuzi" vilevile ni 2, kwa sababu m ya kwanza inasimama peke yake na ya pili imeshikana na b. Jicho haliwezi kukuonyesha hilo. Kumbukeni pia kwamba mshairi huyu lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo.

Someni na kitabu chake cha 1954 kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Aliwahi kuwa hakimu pia, na mimi naona ubishani wa ngonjera zake una sauti ya baraza: kila upande unasikilizwa mpaka mwisho.

Nakala ni chache, nyingine zimechakaa. Ukiipata moja, nakili ubeti mzima, ukurasa na mwaka wa toleo kabla hujairudisha. Ninao ubeti ninaoupenda kuliko yote, na nilishindwa kuuweka kwenye tasnifu yangu kwa sababu sikuandika ukurasa.