Muulize Mwalimu: Walikuwa wakigombania nini?

*Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuo kikuu. Muhula huu tuna somo la fasihi, tamthilia na sanaa za Ulaya, kuanzia Wagiriki hadi karne ya 20. Tumepewa jedwali la vipindi la kukariri: Zama za Kati, Renesansi, Baroko, Urasimi, Ulimbwende, Uhalisia na mengine. Kwenye jaribio nilimweka Molière, mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa, kwenye Ulimbwende kwa sababu picha yake kitabuni ina nywele ndefu za mawimbi na amependeza. Nikapata 9 kati ya 30. Nikariri vipi? (Mwanafunzi, Morogoro)*

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, halafu nikajizuia, maana kosa si lako peke yako. Waliotafsiri jina la mkondo ule wa karne ya 19 (Romanticism kwa Kiingereza) wakauita Ulimbwende walitutegea mtego. Mlimbwende kwetu ni mtu wa kujipamba. Anayeona wigi na hariri atafikiri ndio wenyewe hao.

Nikwambie kwanza jambo ambalo ningefurahi kuambiwa nilipokuwa na umri wako. Majina mengi kwenye jedwali lako hayakutumiwa na wenyewe. Walibandikwa baadaye, na mengine yalikuwa ya kejeli. Baroko inasemekana imetokana na neno la Kireno la lulu isiyo duara, lulu iliyopinda. Wataliano wa Renesansi waliyaita majengo ya Zama za Kati "ya Gothi", kwa maana ya kazi ya washenzi walioivunja Roma. Mwaka 1874 mchoraji Monet alipoonyesha picha yake ya macheo bandarini, mwandishi wa gazeti aitwaye Louis Leroy alilichukua neno "impression" la kwenye jina la picha akawadhihaki nalo kundi zima, na mpaka leo wanaitwa hivyo, Waimpreshonisti. Kwa hiyo unachokariri ni majina ya utani. Majina ya utani hayakai kichwani mpaka ujue kisa chake.

Mimi kila kipindi nakisoma kwa swali moja: walikuwa wakigombania nini? Chukua huo Ulimbwende uliokuponza.

Paris, tarehe 25 Februari 1830, kwenye jukwaa la Comédie-Française, tamthilia mpya ya Victor Hugo iitwayo Hernani. Hugo alikuwa anatimiza miaka 28 kesho yake. Alijua wazee wa urasimi, walioshika kanuni za zamani za uandishi, watakuja kumzomea, kwa hiyo akakusanya vijana wake, wachoraji na washairi, wakaingizwa ukumbini saa nyingi kabla ya pazia. Wamefungiwa gizani, wanakula mkate na soseji walizokuja nazo, na kwa simulizi za wenyewe hata vyoo vilikuwa vimefungwa, yaliyofuata sitayaandika kwenye gazeti la familia. Kati yao alikuwamo Théophile Gautier, miaka 18, kavaa kizibao chekundu makusudi ili wazee wakasirike. Huyo sasa ndiye mlimbwende kwa maana zote mbili.

Pazia likafunguliwa. Bibi mmoja anasikia hodi, anasema mstari wa kwanza, na ukumbi ukawaka palepale. Kwa nini? Ushairi wa Kifaransa wa jukwaani ulikuwa na mstari wa mizani 12, umekatwa katikati sita kwa sita, na maana ilitakiwa itulie pale mstari unapokwisha. Hugo akaivunja sheria kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Neno "ngazi" likabaki mwisho wa mstari, na sifa yake, "ya siri", ikaangukia mstari wa pili. Nimejaribu kuutia kwenye mizani yetu ili uusikie:

Ndiye kweli au siye? Hodi ile ni ya ngazi
Ya siri...

Umesikia inavyokwaza? Sisi tuliokua na tarbia, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho, hatuhitaji profesa wa kutueleza hasira ya wale wazee. Baba yangu mdogo alikuwa akituma mashairi gazetini. Alihesabu mizani kwa vidole, akigonga meza mpaka chai inamwagika kwenye kisahani. Nilipomletea Kichomi cha Kezilahabi, mashairi yasiyofuata vina na mizani yaliyotoka 1974, alisoma kurasa mbili, akageuza kitabu akatazama nyuma, akaniuliza, "Hii barua imeandikwa kwa nani?" Ugomvi wa vina na mizani uliotuchoma hapa nyumbani miaka ile, Wafaransa walikuwa wameupigana kwa njia yao ukumbini, kwa mayowe, usiku baada ya usiku.

Na haukuwa ugomvi wa mizani tu. Miezi minne kabla yake, Oktoba 1829, jukwaa hilohilo lilionyesha Othello ya Shakespeare kwa tafsiri ya Alfred de Vigny, na watu wakaguna kwa sababu mwigizaji alitamka neno "leso". Leso! Kisa chote cha Othello kinaning'inia kwenye leso ya Desdemona. Lakini kwenye tanzia ya kirasimi, kitu cha kufutia pua hakitajwi mbele ya watu wenye heshima zao. Mtafsiri wa 1792, Ducis, alikuwa ameibadilisha akaifanya utepe wa kichwani wenye almasi. Ukishajua habari ya leso, huhitaji mtu akuandikie maana ya Ulimbwende kwa vidokezo vitano.

Sasa turudi kwa Molière umpe kiti chake. Yeye ni wa karne ya 17, enzi ya Louis wa 14, wakati ambapo sheria zilezile alizokuja kuzivunja Hugo zilikuwa zinawekwa. Akademia ya Ufaransa ilianzishwa 1635. Miaka miwili baadaye Corneille akatoa tamthilia yake Le Cid, na ukazuka ugomvi: matukio yale yote yanawezaje kutokea ndani ya saa 24? Na binti anawezaje kukubali kuolewa na mtu aliyemuua baba yake? Akademia ikaombwa iamue. Hapo ndipo zile kanuni za umoja zilipopata meno: tukio moja, mahali pamoja, siku moja.

Molière ugomvi wake ulikuwa na watu wa dini. Tartuffe, kisa cha mnafiki anayeingia nyumba ya mtu kwa tasbihi, ilionyeshwa 1664 ikapigwa marufuku, na haikuruhusiwa hadharani kwa uhuru mpaka 1669. Tarehe 17 Februari 1673 alikuwa jukwaani anaigiza mtu anayejidhania mgonjwa, ilhali mwenyewe anaumwa kwelikweli. Alimaliza onyesho, akapelekwa nyumbani, akafa usiku huo. Waigizaji walikuwa hawazikwi kikanisa bila kuukana uigizaji, naye hakuwahi. Mkewe akaenda kumwangukia mfalme, ndipo akazikwa, usiku, bila shamrashamra. Mtu wa namna hiyo sidhani utamsahau tena kwenye mtihani.

Uhalisia nao una mlango wake: Ibsen wa Norway, tamthilia yake Nyumba ya Mwanasesere, Copenhagen, Desemba 1879. Nora anamwacha mume na watoto anatoka. Ujerumani mwigizaji mkubwa, Hedwig Niemann-Raabe, aligoma. Alisema yeye asingewaacha watoto wake, basi na Nora hawaachi. Ibsen akaogopa watu wengine wangemwandikia mwisho wanaoutaka wao, akauandika mwenyewe, Nora anaonyeshwa watoto waliolala anaishiwa nguvu. Kisha akautukana huo mwisho hadharani kuwa ni unyama. Darasani kwangu nilikuwa nawaacha wanafunzi wabishane hapo kipindi kizima, na wavulana walikuwa wakali kuliko Wajerumani.

Zama za Kati na Wagiriki niandikie tena, leo nafasi haitoshi.

*Mwalimu, mimi ni fundi cherehani, si msomi, ila napenda sana picha za kale za Ulaya. Nazitazama kwenye simu. Je, naweza kujifunza sawasawa bila kufika huko? (Msomaji, Mombasa)*

Unaweza, tena fundi cherehani una jicho la kitambaa ambalo wasomi hawana. Lakini simu inadanganya jambo moja kubwa: kimo. Kila picha inakuwa sawa na kiganja.

Fanya hivi. Unayo tepu, tafuta chaki. Kwenye ukuta wa nje pima sentimita 24 kwenda juu na 21 kwa upana. Hiyo ni picha ya mchoraji Vermeer ya msichana anayesuka lesi, iko Louvre, makumbusho ya Paris, ndogo kuliko karatasi ya A4. Sasa pima mita tatu na ushei kwenda juu, na upana mita sita na sentimita 68. Ukuta utakuishia. Hayo ndiyo Mazishi ya Ornans ya Gustave Courbet, yako Musée d'Orsay, makumbusho mengine ya Paris. Simama mbele ya hiyo chaki, uone watu wanakaribia kukulingana kimo.

Hapo tena uliza walikuwa wakigombania nini. Turubai la ukubwa ule lilikuwa la wafalme, vita na watakatifu. Courbet, alipolionyesha Paris kwenye maonyesho ya 1850 na 1851, alikuwa amelijaza watu wa kijijini kwao: mchimba kaburi, wanawake wanaolia, mbwa. Uso wa mzee wa shamba umepewa nafasi ya uso wa mfalme. Kwenye simu unaona mazishi tu, hayo mengine huyaoni.

*Tusome Shakespeare kwa Kiingereza au kwa Kiswahili? (Wanafunzi wawili tunaobishana, Dodoma)*

Anzeni na Kiswahili, na someni kwa sauti. Nyerere alichapisha tafsiri yake ya kisa cha Kaizari mwaka 1963, akairekebisha 1969, mwaka uleule alioutoa Mabepari wa Venisi. Tazameni hilo jina. Mfanyabiashara wa Venice amekuwa bepari, tena wameongezeka, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Tafsiri nayo ina kipindi chake na ugomvi wake.

Kisha mkipenda vipindi, kamateni ile saa inayogonga mara tatu wakati Bruto na wenzake wanapanga njama ya kumuua Kaizari. Roma ya Kaizari haikuwa na saa za kugonga. Shakespeare hakujali. Msafiri wa Uswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba tarehe 21 Septemba 1599 alivuka mto Thames kama saa nane mchana akautazama mchezo wa Kaizari kwenye nyumba yenye paa la nyasi. Waigizaji kama 15. Walipomaliza mauaji na vita vyote vile wakacheza ngoma, wawili wamevaa kiume na wawili kike.

*Mwalimu, toleo lililopita uliandika kwamba Globe, ukumbi wa akina Shakespeare kule London, uliungua 1614. Angalia tena. (Msomaji, Chake Chake)*

Umenikamata, ahsante. Uliungua tarehe 29 Juni 1613 na kujengwa upya 1614, mimi nikachanganya. Walipiga mzinga kwenye mchezo wa Henry wa Nane, cheche ikatua kwenye nyasi za paa, watu wakaendelea kutazama mchezo wakidhani ni moshi tu. Hazikupita saa mbili ukumbi ukawa majivu. Mkubwa mmoja, Henry Wotton, aliandika kwenye barua kwamba suruali ya mtu mmoja ilishika moto, akaizima kwa chupa ya bia.

Ukumbi wa sasa ulifunguliwa 1997, na wameuezeka nyasi tena. Mwaka 2012 nilikuwa London kwa mtoto wa dada yangu, waigizaji wa Kenya wakaleta pale The Merry Wives of Windsor ya Shakespeare kwa Kiswahili. Tulisimama uani, mvua inanyesha, na mwavuli hauruhusiwi pale. Dakika za mwanzo sikutazama jukwaa hata kidogo. Nilikuwa nimeinua shingo nahesabu vichwa vya mabomba ya maji ya kuzimia moto waliyoyapanga kwenye kipaa, mpaka mtoto akanifinya, "Mama mkubwa, wameshaanza."