Muulize Mwalimu: Mbona "water" si nomino?

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27, nauza kava na chaja za simu Kariakoo, jioni nasoma Kiingereza. Aina nane za maneno nimezikariri zote, lakini nikipewa sentensi nizichambue natoka kapa. Juzi kwenye "I water the flowers" nimeandika "water" ni nomino, maana najua ni maji, nikawekewa kosa. Na kila siku nakosea "He did not went". Si jambo la jana hilo? Nianzie wapi?
Muuza Chaja, Kariakoo

Marahaba, mwanangu. Orodha yako usiitupe. Tatizo ni kwamba unaliuliza neno "maana yako nini?" wakati ungeliuliza "hapa unafanya kazi gani?"

Kiswahili kimetudekeza. Kwetu neno huvaa sare. Ukisikia "mpishi", ile m- ya mbele na -i ya mwisho zinakwambia ni mtu. Ukisikia "anapika", a- inakuonyesha mtendaji, -na- inakupa wakati, huna haja ya kubahatisha. Kiingereza sare hizo hakina. "Cook" ni mpishi na ni pika, bila herufi hata moja kubadilika. Kinacholitambulisha ni kiti lilichokalia. "The cook is here": limefuata "the", basi ni nomino. "We cook rice": limetanguliwa na watendaji, limefuatwa na kinachopikwa. Hicho ni kiti cha kitenzi, na ndicho "water" alichokalia kwenye maua yako.

Ukiwa na shaka, ipeleke sentensi jana. Ongeza "yesterday" mwishoni uone ni neno gani linabadilika: "I watered the flowers yesterday". Lililobadilika ndilo kitenzi. Vipo vichache vinavyogoma kubadilika, kama "put" na "cut", lakini hivyo utavizoea.

Na shule yako iko hapo hapo mezani. Chukua maboksi ya chaja unazouza usome maandishi yake. Ukikuta "Charge your phone", hicho ni kitenzi, unaamriwa uchaji. Ukikuta "one full charge", limetanguliwa na "full" inayolisifu, kwa hiyo ni nomino. Neno moja, boksi moja, kazi mbili. Maboksi matano kwa siku kabla wateja hawajajaa yatakufaa kuliko kukariri ukurasa mzima.

Sasa hilo la "did not went". Sema "alienda". Haya, likanushe: "hakuenda". Ile -li- imekwenda wapi? Imeondoka, -ku- imekaa mahali pake. Hujawahi kusema "hakulienda" hata ulipokuwa mtoto, kwa sababu wakati uliopita ukishabebwa na mmoja, wa pili haubebi. Kiingereza nacho ni vivyo hivyo. "Did" imeshaubeba wakati, kitenzi kinarudi kilivyozaliwa: "He did not go". Ukiuliza, "Did he go?" Na ile -s inahama kwa njia hiyo hiyo: "She sells phones", lakini "She does not sell phones". Imehamia kwenye "does".

Mimi hili nilifundishwa kwa fimbo. Darasa zima tuliimba "did not go, did not eat" kama kasida, na hakuna aliyetuonyesha kwamba "hakuenda" yetu inafanya jambo lile lile. Nililigundua nimeshakuwa mwalimu, usiku mmoja nikisahihisha madaftari nyumbani Temeke. Iliniuma kwa ajili ya wenzangu walioacha shule wakiamini hawana akili.

Mwalimu, binti yangu ameingia kidato cha kwanza. Msingi alisoma kwa Kiswahili, sasa masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mimi ananiita "he", baba yake "she". Anasema pia "My mother she is cooking". Nimsaidieje, na mimi mwenyewe sikufika mbali?
Mama wa Mbagala

Dada yangu, kwanza asichekwe, maana akichekwa atanyamaza. "Yeye" yetu haiulizi mwanamume au mwanamke, kwa hiyo hajawahi kuhitaji kulifikiria hilo kabla hajafungua mdomo. Na hiyo "she" ya ziada ameitoa kwenye "mama anapika". Ile a- ameitafsiri. Mwambie akishataja "my mother", "she" ipumzike.

Patakapomsumbua zaidi ni "his" na "her". Sisi tunasema "baba yake", "gari lake", "viatu vyake", tunaangalia kile kinachomilikiwa. Mwingereza anamwangalia mwenye mali. Baba wa msichana ni "her father", ingawa baba ni mwanamume. Shika picha ya familia, umwoneshe mtu mmoja mmoja kila jioni, aseme sentensi tatu kwa kila mmoja. Kiingereza chako si lazima kiwe kingi. Wewe sikiliza tu kama mwanamke amekuwa "she".

Kwa nini ni "a university" na siyo "an university", wakati u ni irabu? Na "an hour" je?
Mwanachuo, Ubungo

Fuata sikio, herufi ziache. Kiswahili huandikwa kinavyosikika, basi liandike neno kwa herufi zetu: "yunivasiti". Limeanza na y, linachukua "a". "Hour" ni "awa", limeanza na a, linachukua "an". Ndiyo maana ni "an SMS", kwa sababu tunatamka "esi". Jaribu mwenyewe "umbrella", "useful" na "honest", uniletee majibu.