Kisima Kikionekana Safi, Usikiamini Upesi

Nilikuwa bado mgeni katika kazi hii ya kupima uchafuzi wa maji ya ardhini nilipofungua kisima cha uchunguzi karibu na tangi la petroli lililokuwa limevuja chini ya ardhi. Miezi michache nyuma tulikuta mafuta yakielea humo, sentimita 40 nzima. Safari hii mvua ilikuwa imenyesha vya kutosha, na hata tone sikuliona. Nikaandika kwenye ripoti kwamba uchafuzi umepungua. Kiangazi kilipoingia, mafuta yakarudi palepale.

Hayakuwa yamekwenda popote. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu ya maji ya ardhini na hupanda na kushuka pamoja nayo. Maji yakipanda, mafuta hunaswa katikati ya chembe za udongo, yasiweze kutiririkia kisimani. Maji yakishuka, hujikusanya upya. Hata unene unaouona kisimani mara nyingi huzidi ule uliomo ardhini, kwa hiyo usiutegemee peke yake kukadiria lita zilizovuja.

Tangu hapo, kila nikifika kisimani naanza na kupima kina cha maji, nami nakiandika kando ya majibu ya maabara. Nawe fanya hivyo walau mwaka mzima, masika na kiangazi. Hakikisha sehemu ya bomba la kisima yenye matundu inaanzia juu ya usawa wa maji na kuishia chini yake. Ikizama yote, mafuta yanayoelea hayataingia. Visima navyo visipungue vitatu, tena visipangwe kwenye mstari mmoja, ama sivyo hutajua maji yanaelekea wapi.

Kwenye sampuli sina msamaha. Benzini, kemikali yenye sumu iliyomo ndani ya petroli, huruka upesi na hewa. Jaza chupa polepole mpaka maji yavimbe mdomoni, funga, ipindue, uigonge kwa kidole. Kiputo kikipanda, chukua chupa nyingine uanze upya. Kisha iweke kwenye barafu papo hapo.

Wala mtu asikuambie maji ni salama kwa sababu hayanuki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza benzini isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, na kiasi hicho pua haikihisi kabisa.

Ile ripoti niliiandika upya. Upande yanakoelekea maji kulikuwa na kisima cha kunywa, na sampuli zilizofuata tulianzia huko.