Shela ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi kijana wa Malindi, nimejitia kusoma kodi za KVM, ile sehemu ya keneli ya Linux inayoendesha mashine pepe (kodi za programu, zile za nyumba zimeshanishinda). Nimeandika kipande changu cha kujifunzia, nakutumia, anwani zote za memori nimeziita addr. Kaka mmoja aliyenitangulia kwenye kazi hizi akanirudishia, ati nibadilishe majina kwanza. Kompaila haijalalamika hata kidogo ila mashine pepe ikiwaka tu inaganda. Majina yanahusu nini hapo ama ananisumbua tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakusumbui. Wewe nikikwambia njoo Shela si utapanda tuktuk mpaka Shela yenu hapo hapo mjini, na mimi niko Lamu nakungoja gatini Shela ya huku mpaka maji yanakupwa, na hakuna aliyemdanganya mwenziwe. Addr yako ndo hiyo hiyo.

KVM iliingia kwenye keneli toleo la 2.6.20, mwaka 2007, na majina yake ni mafupi lakini yanasema mambo mawili, ya nani na ya aina gani. g ni mgeni, yaani mashine pepe, h ni mwenyeji, yaani mashine halisi inayoibeba, v ni anwani pepe, p ni ya memori yenyewe. Programu iliyo ndani ya mgeni inashika gva, jedwali la kurasa (kurasa ni vipande vya memori) la mgeni linaigeuza kuwa gpa, na mgeni maskini anaamini hapo ndo amefika kwenye ramu, kumbe kwa mwenyeji hiyo gpa ina hva yake ndani ya programu iliyomwasha huyo mgeni, na hva nayo ina hpa, ambayo ndo ramu ya kweli. Prosesa za siku hizi zinaruka zenyewe kutoka gpa mpaka hpa, kwa jedwali ambalo keneli imelijaza.

Sasa angalia mstari wako wa pili. Addr pale ni gpa, tuseme 20480, na fanksheni unayoiita inataka gfn, yaani namba ya ukurasa. Ukurasa ni baiti 4096, kwa hiyo ungegawanya ukapata 5. Wewe umepitisha 20480 nzima nzima, keneli ikaizidisha kwa 4096 ikaenda kutafuta kwenye baiti ya 83,886,080. Ulitaka ukurasa wa 5, umepelekwa kwenye megabaiti ya 80, itaachaje kuganda?

Na kompaila usiilaumu, kwenye KVM aina za gpa_t na gfn_t zote ni namba ya biti 64 tu, haioni tofauti. Xen, mfumo mwingine wa mashine pepe, wao kila aina ya namba ya ukurasa wameifunga kwenye kifurushi chake, ukichanganya wakati unajenga toleo la kusakia makosa programu haijengeki, na mimi napenda ya Xen hapo japo kuandika kunachosha.

Ila kuna neno moja la kuogopa ukihama kati ya hizo mbili: pfn. Kwenye KVM ni namba ya ukurasa wa mwenyeji, kwenye Xen ni namba ya ukurasa kwa hesabu ya mgeni mwenyewe. Shela tena hiyo.

Anza na ule mstari wa pili, futa addr andika gpa, halafu uone kama mkono wako utakubali kuipitisha pale palipoandikwa gfn.