Ukisikia Odongo, Uliza Opiyo Yuko Wapi

Wewe unayeanza kazi hii ya kutafuta nasaba za watu, nakuandikia kutoka Kisumu. Siku za wiki ninashika vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi; Jumamosi na likizo zangu ndizo ninazowapa mababu wa wenzangu. Huu ni mwaka wa tisa. Wanaonitafuta ni Wakenya walio ng'ambo ambao watoto wao wameanza kuuliza maswali, familia zinazojiandaa kwa mkutano wa ukoo wa Desemba, na waliofiwa wanaotaka kuandika wasifu wa marehemu bila kumsahau mtu. Wako pia wenye kesi za shamba. Hao nitawafikia.

Wengi wanaoanza hukimbilia karatasi. Nakusihi, usianzie huko. Babu aliyezaliwa miaka ya 1920 hana cheti cha kuzaliwa utakachokipata popote. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwapo tangu 1928, lakini kwa Waafrika ilikuja kuwa lazima eneo baada ya eneo, na nchi nzima ikaenea 1971. Alichokuwa nacho babu ni kipande, kitambulisho cha kazi kilichoanza baada ya vita vya kwanza, alichovishwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na jina lililoandikwa humo lilitoka kwenye sikio la karani. Nyumbani aliitwa Odongo, kanisani wakamwita Danieli, kwa mwajiri akawa neno ambalo hata mwanawe hawezi kulitambua. Ukienda na jina moja tu, utarudi mikono mitupu na utasema hakuna kumbukumbu. Zipo, ila zimevaa jina lingine.

Kwa hiyo anza na jina lenyewe, ulisome kama unavyosoma hati. Kwa Waluo, Otieno alizaliwa usiku, Onyango jua likipanda asubuhi, Okoth mvua ikinyesha. Kwa Wabukusu, Wafula ni wa mvua, Wanyonyi wa palizi, Nekesa wa mavuno, na Wanjala alikuja wakati wa njaa. Ukimpata Wanjala, una swali la kumuuliza mzee: njaa ipi? Hapo ndipo mwaka unapoanza kujitokeza. Majina ya mapacha ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Pacha wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, wa pili ni Odongo au Adongo, na mtoto anayewafuata ni Okello au Akello.

Miaka minne iliyopita kijana mmoja aliye ng'ambo aliniomba nimtafutie ndugu za babu yake huko Seme. Wazee watatu walinitajia majina sita, wanaume watupu, na kati yao walikuwamo Odongo na Okello. Nilikuwa nimeshaandika yote na kushukuru chai, ndipo nikaona pengo. Nikauliza, Opiyo yuko wapi? Wazee wakatazamana. Dani mmoja, ndivyo Waluo wanavyomwita bibi mzee, aliyekuwa akichambua omena pembeni akajibu bila kuinua kichwa: hakuwa Opiyo, alikuwa Apiyo, na aliolewa Kano kabla ya yale mafuriko ya wakati wa uhuru. Watoto wake wako Ahero hadi leo. Nikakaa tena. Nikamwomba dani anitajie dada wa kila mwanamume niliyemwandika, na jioni ile orodha yangu ikatoka watu sita ikawa kumi na mmoja. Kijana yule alikuwa na binamu mwendo wa matatu moja kutoka kwao na hakuna aliyewahi kumwambia.

Tangu siku hiyo sifungi daftari kabla ya kuongea na wanawake wa boma, na naongea nao peke yao, jikoni au kisimani, si mbele ya waume. Wao ndio wanaojua nani alizaliwa akafa, nani aliletwa akiwa tumboni, nani alirudi kwao. Na usiridhike ukiambiwa bibi aliitwa "nyar Gem" ukadhani hilo ni jina. Maana yake ni binti wa Gem. Limebeba njia ya kwao, basi ifuate: muulize Gem ya wapi, ukoo gani, nani alipeleka ng'ombe wa mahari.

Usimuulize mzee alizaliwa mwaka gani. Kitambulisho chake kina mwaka uliokisiwa na afisa, naye ameshauzoea, atakurudishia huohuo. Muulize nzige wa 1931 walipokuja baba yake alikuwa na ukubwa gani: alikuwa mgongoni, alikuwa akichunga mbuzi, au alikuwa na mke? Muulize babu yake alirudi kutoka Kariakoo, ile kazi ya kubeba mizigo ya jeshi ya 1914 hadi 1918, au alikuwa bado mdogo. Muulize kuhusu maji ya ziwa yaliyopanda kuanzia 1961. Kwa Wabukusu wa Bungoma tohara ndiyo kalenda bora kuliko zote, maana hufanyika Agosti ya miaka ya shufwa tu. Ukijua mtu alitahiriwa na rika gani na pamoja na nani, umekaribia sana.

Nakuru ni habari nyingine. Kule utakutana na familia ambazo wazee wao walizaliwa kwenye mashamba ya walowezi, wakihama shamba hadi shamba. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota, Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mlowezi, amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka, na hivyo ndivyo watu walivyofungwa kwenye maeneo ambayo leo yana majina mengine kabisa. Mzee atakwambia alizaliwa "kwa" fulani, na huyo fulani ni lakabu ambayo wafanyakazi walimpa mzungu. Kazi yako ni kupata jina halisi la mwenye shamba, kwa sababu karatasi zimepangwa kwa hilo. Na familia za Kikuyu zikupe tahadhari ya pekee: mwana wa kwanza huitwa kwa babu wa upande wa baba, wa pili kwa babu wa upande wa mama, kwa hiyo jina lilelile hurudi kizazi baada ya kizazi. Niliwahi kuunganisha babu na mjukuu nikawafanya mtu mmoja aliyeishi miaka mia na ishirini. Mteja aliniamini, akaichapa. Ilinibidi nimpigie simu na kumrudishia pesa zake. Sasa kila mtu ninampa namba kabla ya jina.

Ukishapata majina yote ya mtu, ndipo uende kwenye vitabu. Vya kanisa ndivyo vya kwanza. Waquaker walifika Kaimosi 1902, mapadri wa Mill Hill wakaanza Kisumu 1903 na Mumias 1904, Waanglikana wakafungua Maseno 1906. Uliza mtu alibatizwa akiwa chini ya misheni gani wakati ule, maana parokia ya leo huenda ilizaliwa juzi na kitabu cha zamani kikabaki kwenye parokia mama. Nenda na barua ya familia, nenda siku ya kazi, na umwombe karani kwa heshima. Hana wajibu wa kukufungulia. Kwenye kitabu cha ubatizo cha Wakatoliki, usiangalie safu za katikati peke yake. Pembeni, kwa mwandiko mwingine na wino mwingine, huandikwa ndoa iliyokuja baadaye na mahali ilipofungwa. Mara mbili mstari huo wa pembeni umenipeleka hadi ukwe ambao familia ilikuwa imeusahau.

Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Nairobi, nami hutenga siku moja ya likizo nikiwa na orodha kamili. Nyaraka zimepangwa kwa ofisi na wilaya, kwa hiyo jua wilaya iliitwaje wakati huo: Kakamega na Bungoma zilikuwa Kavirondo Kaskazini, Kisumu na Siaya Kavirondo ya Kati. Na kumbuka kuwa hadi 1902 upande huu wote wa ziwa ulihesabiwa kuwa Uganda. Gazeti rasmi la serikali nalo lisome. Matangazo ya mirathi hutaja marehemu, tarehe ya kifo, na waombaji ni nani kwake.

Sasa wale wa kesi za shamba. Kabla ya kupokea chochote, muulize mteja anataka mti huu wa ukoo wa nini, na amjibu mzee wa boma pia. Mtu mmoja aliniambia ni kwa ajili ya watoto wake. Baadaye nikasikia kazi yangu imepelekwa barazani kuonyesha kwamba nyumba ya jirani ni jodak, wageni waliokaribishwa na hawana haki ya ardhi. Mzee aliyenipa habari ile alinipa kwa sababu aliniamini, na bado naumia nikimkumbuka. Siku hizi neno hilo siliweki kwenye nakala ya mteja bila idhini ya pande zote mbili. Vivyo hivyo kwa mjane aliyerithiwa: watoto wanaozaliwa baada ya mume kufa ni wa marehemu kwa mila, na boma linataka waandikwe hivyo. Andika hivyo. Habari ya mzazi wa damu ibaki katika daftari lako hadi mwenyewe aulize kwa kinywa chake. Walio hai usiwaweke kwenye mtandao bila ruhusa yao. Tangu 2019 kuna sheria ya kulinda data, lakini hata isingekuwapo ningekuambia hivyo.

Kuhusu malipo, toza siku zako, usitoze vizazi. Ukilipwa kwa kila kizazi, siku mzee akikwama kwenye cha saba mkono wako utatamani kuandika cha nane. Nauli na sukari ya kupeleka vilipwe kwanza. Unaporudi usiku, andika yote kabla hujalala, hata kama ofisi inakungoja saa mbili asubuhi, kwa sababu sauti kwenye simu haitakuonyesha ni nani aliyetikisa kichwa wakati mwenzake akisema.

Na programu ya kompyuta itakulazimisha ujaze tarehe. Usijaze. Andika "alikuwa akichunga mbuzi nzige walipokuja", kisha "karibu 1924" pembeni, halafu uchapishe nakala ya pili kwa herufi kubwa na uipeleke bomani mwenyewe, umsomee dani.