Gome la Muthiga Linauzika, ila Jiandae kwa Maswali

Juzi msomaji aliniandikia: “Dada, nataka kuuza dawa za miti shamba kama wewe. Nianze wapi?” Najua wengi wenu mna nia hiyo hiyo, basi namjibu hapa.

Nauza soko la Kariokor, Nairobi, na muthiga, mti ambao gome lake ni dawa ya kienyeji, ndio unaonilipia kodi. Ukitafuna gome lake mwanzoni huhisi kitu, kisha ulimi unawaka kuliko pilipili. Ukali huo unatokana na kemikali kama poligodiali, na za jamii hiyo ndizo zilizozuia bakteria na kuvu maabarani.

Hayo niliyatafuta kwa hasira. Mwenye kemisti mmoja aliniambia mbele ya wateja kwamba nauza kuni. Kuni! Mpaka leo linaniuma. Basi nikawa nikifunga kibanda nakaa na simu mpaka usiku, nasoma tafiti, kamusi pembeni. Siku hizi tukikutana yeye ndiye anayebadilisha mada.

Nilichokikuta wauzaji wengi hawataki kukisikia. Tafiti nyingi zilitoa dawa kwenye gome kwa methanoli au dikloromethani, yaani vimiminika vya kemikali vya maabara, ilhali sisi tunachemsha kwa maji. Kinachotoka si kile kile. Tu Youyou wa Uchina, aliyepata Nobeli mwaka 2015, aliacha kuchemsha mmea wa pakanga ya Kichina, akatumia etha, kimiminika kingine cha kemikali, kwenye joto la chini, ndipo dawa ya malaria ikapatikana. Malaria si bakteria, najua, lakini namna ya kuandaa ndiyo iliyoamua. Halafu, kuua bakteria kwenye kisahani cha maabara si kutibu mtu. Hata Jik inawaua. Lazima ijulikane ni kiasi gani kinafika kwenye damu, na ini linavumilia kiasi gani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, someni. Mteja akiuliza, mwambie kilichopimwa na ambacho hakijapimwa. Anayekojoa kwa maumivu huku ana homa na mgongo unamuuma, usimuuzie kitu. Huenda maambukizi yamefika kwenye figo, anahitaji hospitali na antibiotiki leo hii. Tuache tamaa ya shilingi mia. Someni tena.

Na anayekuletea gome, muulize amelibandua upande mmoja au amezungusha shina lote. Mti uliozungushwa hufa. Akisitasita, mimi sinunui, hata awe ameshusha bei.